Neno na Mwenye Neno: Deni la Taaluma za Kigeni kwa Wasemaji wa Bungoma na Kitale

Utangulizi

Mzee wa Kimilili anapoketi na mtafiti na kumweleza marika manane ya tohara ya Wabukusu, kuanzia Kolongolo hadi Sawa, ni vigumu kutaja kitu alichopungukiwa baada ya mazungumzo hayo. Marika bado anayajua. Lugha yake ingali kinywani mwake. Ng'ombe wake hawakupungua zizini. Mtafiti naye huondoka na daftari lililojaa. Miaka michache baadaye daftari hilo huwa tasnifu, tasnifu huwa kitabu, na kitabu humpatia mwandishi wake shahada, cheo na jina. Ikiwa mzee hakupoteza kitu, je, anadai kitu? Na ikiwa anadai, anadai nini, na anamdai nani?

Swali hili ndilo kiini cha makala haya. Limekwisha kuulizwa mara nyingi kwa lugha ya siasa, na jibu lililozoeleka ni kwamba taaluma za Afrika katika vyuo vya ng'ambo ni mkono mwingine wa ukoloni. Jibu hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, haliusaidii sana uchunguzi wa maadili, kwa sababu humpa mwanachuo wa Afrika Mashariki nafasi ya kuhukumu bila ya yeye mwenyewe kuhukumiwa. Makala haya yanachukua eneo moja, yaani Bungoma na Kitale, na jamii moja hasa, yaani Wabukusu, ili kuonyesha kwamba deni lipo, kwamba si deni la mali, na kwamba wadaiwa si wageni peke yao.

Chimbuko na kukua kwa taaluma za maeneo

Ufundishaji wa lugha na tamaduni za Afrika katika vyuo vya Ulaya haukuzaliwa na udadisi mtupu. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1887, ilifundisha Kiswahili kwa watu waliokuwa wakienda kutawala na kufanya biashara. Chuo cha London kinachojulikana leo kwa ufupisho wa SOAS kilianzishwa mwaka 1916, na neno "Afrika" likaingizwa katika jina lake mwaka 1938. Mwaka 1926 ikaundwa, huko huko London, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika. Ni kwa udhamini wa taasisi hiyo ambapo Mjerumani Günter Wagner alifika magharibi ya Kenya katika miaka ya 1930, akaishi miongoni mwa Walogoli na Wabukusu, na kuandika kazi yake kubwa juu ya Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1949. Ya pili ilitoka mwaka 1956, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Kabla ya kuja Kenya, Wagner alikuwa amekusanya ngano za Wayuchi wa Marekani na kuzichapisha mwaka 1931. Njia yake kutoka Oklahoma hadi Mlima Elgon inadhihirisha jambo moja: kwa chuo cha kigeni, jamii hizi mbili zilikuwa sura mbili za somo moja.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili kitovu cha taaluma hizi kilihamia Marekani. Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha programu ya taaluma za Afrika mwaka 1948, chini ya Melville Herskovits. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, Bunge la Marekani lilijibu mwaka uliofuata kwa sheria ya elimu na ulinzi wa taifa, na sehemu ya sita ya sheria hiyo ikatoa fedha za kufundisha lugha za kigeni ambazo hazikuwa zikifundishwa vya kutosha. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizonufaika. Chombo kilichorushwa angani na Warusi kilichangia, kwa njia ndefu, kumfikisha mwanafunzi wa Kimarekani kwenye soko la Kitale akiwa na sarufi ya Kiswahili mkobani.

Matunda ya ukuaji huo yanaonekana katika rafu za maktaba. Mwaka 1977 pekee vilitoka vitabu viwili vinavyoihusu Bungoma: kimoja cha Audrey Wipper, mwanasosholojia wa Kanada, kuhusu harakati za kidini za upinzani, ikiwemo Dini ya Msambwa, kingine cha Mholanzi Jan de Wolf kuhusu mabadiliko ya dini na jamii miongoni mwa Wabukusu. De Wolf alirudi mwaka 1995 na mkusanyo wa ngano za Kibukusu. Katika karne hii wanaisimu nao wamekuja, na Lubukusu imekuwa lugha inayotajwa mara kwa mara katika mijadala ya sintaksia ya nadharia.

Asili ya fedha, hata hivyo, si hukumu ya kazi. Mtu anaweza kutumwa na mfalme kwa nia ya mfalme, akaleta ujuzi ambao mfalme hakuutarajia. Kwa hiyo tuhuma kwamba taaluma hizi zilidhaminiwa na dola, ingawa ni ya kweli, haitoshi kujibu swali la mzee wa Kimilili. Inapasa kutafuta jina sahihi la kile kilichopita kati yake na mtafiti.

Wizi, biashara na zawadi

Jina la kwanza linalotolewa ni wizi. Lakini wizi humwacha mwenye mali bila mali yake, na lugha haimwishii mtu kwa kuandikwa. Aidha, mambo mara nyingine huwa kinyume. Baadhi ya maelezo ya Wagner kuhusu matambiko na sheria za ndoa yanasomwa leo na wajukuu wa watu waliomweleza, kwa kuwa matambiko yenyewe yamefifia. Mwizi hamwekei mwenye nyumba akiba. Anayeshikilia neno "wizi" hulazimika ama kulikana jambo hili au kulibadilisha neno lenyewe mpaka lisiwe na maana.

Jina la pili ni biashara, na lina nguvu ya kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Sheria ya namna hii ina manufaa pale kampuni inapochukua wimbo wa litungu na kuuuza. Haielekei kufaa pale mwanaisimu anapochunguza viambishi vya Lubukusu. Wasemaji wa lugha hiyo ni zaidi ya milioni moja. Ni nani kati yao aliye na haki ya kuuza kiambishi? Lililo zito zaidi ni kwamba biashara hufuta uhusiano. Anayelipa bei huondoka akiwa huru, hana la kuulizwa. Ujira wa siku anaopewa mtoa habari ni wa haki, lakini ni ujira wa muda wake. Mtafiti anayeamini kwamba kwa ujira huo amelinunua neno lenyewe anajidanganya, kwani hata baada ya kulipa hana ruhusa ya kulipotosha.

Jina la tatu ni zawadi, na ndilo ambalo wazee wenyewe wangelitaja kwanza. Mgeni hukaribishwa, hupewa kiti, husimuliwa. Lakini zawadi ikishapokelewa ni ya mpokeaji kabisa. Anaweza kuigawa, kuigeuza, hata kuitupa. Hakuna mzee ambaye angekubali kwamba simulizi la ukoo wake limetolewa kwa masharti hayo. Na hata ukarimu una matarajio yake. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hunukuliwa mara nyingi kama salamu tu, ilhali ni kauli nzito ya maadili: ujio wa mgeni hupimwa kwa hali ya mwenyeji baada ya ujio huo.

Neno kama amana

Linabaki jina la nne, ambalo Kiswahili kinalo tayari: amana. Anayeweka amana habadiliki kuwa asiye na kitu. Kitu kinabaki chake hata kikiwa nyumbani kwa mwingine. Anayeipokea hawi mwenye mali, bali mwenye dhima. Ni kweli kwamba mlinganisho huu haukai sawa kila mahali. Mwenye kushika amana ya fedha hatakiwi kuitumia, ambapo mtafiti hupewa neno ili alitumie, alilinganishe na mengine, ajenge juu yake hoja ambayo mtoaji hakuifikiria. Tofauti hiyo inabadilisha namna ya kurejesha. Neno halirejeshwi kwa kuondolewa kitabuni. Linarejeshwa kwa kujibiwa. Mtafiti analipa anapoweza kusimama mbele ya aliyempa neno, amwonyeshe alichokifanya kwalo, na akubali kuambiwa kwamba amekosea.

Lubukusu yenyewe ina kipengele cha sarufi ambacho kinalimulika jambo hili. Mwaka 2013 Michael Diercks alichapisha uchambuzi wa kiunganishi cha Lubukusu chenye maana ya "kwamba", ambacho hubeba kiambishi kinachopatana na kiima cha kishazi kikuu. Akisema mtu mmoja, kiunganishi ni "ali"; wakisema wengi, ni "bali". Kiswahili husema "kwamba" bila kujali nani kasema. Lugha hiyo ina pia kiunganishi kisichobadilika, "mbo". Lakini pale "ali" na "bali" vinapotumika, kauli iliyonukuliwa huvuka mpaka wa kishazi ikiwa na alama ya aliyeitoa. Si sahihi kudai kwamba sarufi ya watu ni falsafa yao. Makosa mengi ya taaluma za maeneo yametokana na dai hilo. Inatosha kusema kwamba jambo ambalo Lubukusu inaweza kulifanya kwa silabi moja limewashinda wengi walioichunguza katika kurasa mia tatu.

Mfano wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ingawa unatoka pwani, unafaa kukumbukwa hapa kwa kuwa ni wa mwanzo na uko wazi. Mtoro alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Berlin tangu mwaka 1900. Maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili ndiyo yaliyo uti wa mgongo wa kitabu kilichotolewa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Ilikuwa mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyochapishwa California, ambapo jina la Mtoro liliwekwa katika anwani ya kitabu. Miaka 78 ilipita kabla ya kiunganishi kupatana na kiima chake. Mtoro alikuwa amefariki tangu mwaka 1927.

Lakini kutaja jina si kanuni isiyo na ukomo, na historia ya Bungoma inaonya. Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde wa Maeni, ilipigwa marufuku mwaka 1948, mwaka ule ule ambao polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi. Marufuku iliondolewa mwaka 1964 na kurudishwa mwaka 1968. Mtafiti wa kipindi hicho aliyeliandika jina la muumini kwa nia ya kumheshimu angeweza kumpeleka gerezani. Hapo amana ilidai kufichwa. Vivyo hivyo kumuse, yaani hotuba ya hadhara inayotolewa baada ya maziko ya mzee aliyeheshimika, ina masharti yake: si kila mtu huisema, wala haisemwi popote, na kwa desturi inamhitaji marehemu. Mtafiti anayeomba aigiziwe kumuse mbele ya kinasa sauti, ili aende nayo chuoni, anaomba matanga yasiyo na msiba. Huenda akaipata. Alichokipata hakitakuwa kumuse, naye aliyemwigizia atabaki na jambo la kuwajibu watu wake.

Inaonekana, basi, kwamba wajibu wa mwenye amana hauwezi kuandikwa kama orodha ya kanuni zinazofaa kila mara. Mara hudai jina litajwe, mara lifichwe. Mara hudai kurekodi, mara kuzima chombo. Kisichobadilika ni kwamba uamuzi haufanywi na mtafiti peke yake. Kibali cha utafiti anachopewa na serikali humfunga kwa serikali, na fomu ya ridhaa humlinda zaidi yeye na chuo chake. Hakuna kati ya hati hizo inayomlazimu kurudi Kimilili.

Ugeni wa wenyeji

Mpaka hapa mwanachuo wa Kenya anaweza kusoma kwa utulivu. Sehemu hii inamhusu yeye.

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza na kuwekwa kwa fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, katikati ya masomo. Pendekezo hilo lilizaa vizazi vya wanafunzi waliotumwa vijijini kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo. Vyuo navyo vikasogea karibu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa Eldoret mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Kibabii, ndani ya Bungoma yenyewe, kilipewa hati kamili mwaka 2015. Umbali uliokuwa kati ya Bungoma na London sasa ni umbali wa safari ya matatu.

Je, deni limepungua kwa kiasi hicho? Gideon Were alipoandika historia ya Waluyia mwaka 1967, na F. E. Makila alipoandika historia ya Wabukusu mwaka 1978, wote walitumia Kiingereza. Walikuwa na sababu nzuri, na kazi zao zimewafaa wengi. Lakini tasnifu inayoandikwa leo kuhusu kumuse na mtoto wa ukoo ule ule uliofiwa, ikahifadhiwa katika rafu ambayo mjane hataifikia kwa lugha ambayo hataisoma, haina tofauti ya kimaadili na ile iliyohifadhiwa Utrecht. Pengine ni nzito zaidi, maana mgeni alisimuliwa kwa ukarimu, ambapo mtoto wa nyumbani alisimuliwa kwa haki, na haki hiyo inakuja na wajibu.

Idara za Kiswahili nazo hazina budi kujitazama. Ni kawaida yake kudhani kwamba kuandika kwa Kiswahili ni kurejesha. Katika Kitale, mji ulioota kando ya mashamba ya walowezi na kuwakutanisha Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana na wengine wengi, dhana hiyo ina msingi, kwani Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Lakini Kiswahili cha tahakiki, chenye "umatini" na "usimulizi-penyezi", hakisemwi katika soko lolote. Ngano ya Kibukusu iliyohamishiwa katika Kiswahili cha namna hiyo imesafiri mbali kuliko inavyodhaniwa.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Husemwa kwamba elimu ina hadhira yake. Kwamba hoja ya sintaksia haiwezi kuandikwa kwa ajili ya kila mtu, na anayelazimishwa kuwaandikia wote hatamwandikia yeyote vyema. Pingamizi hili ni la haki. Hakuna anayedai kwamba kila makala yasomeke chini ya mwembe. Kinachodaiwa ni kwamba kuwe na mahali ambapo msemaji anaweza kuikuta kazi iliyotokana na neno lake na kuijibu. Mwaka 2018 Justine Sikuku wa Chuo Kikuu cha Moi aliandika pamoja na Diercks na Michael Marlo makala kuhusu viambishi vya yambwa katika Lubukusu, naye msemaji wa lugha akawa mwandishi mwenza badala ya kuwa chanzo. Hiyo ni hatua. Inaliondoa deni la mwanachuo kwa mwanachuo, na kuliacha lile la mwanachuo kwa mzee.

Jumba la makumbusho la Kitale linaonyesha kwamba hatua nyingine inawezekana. Lilianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham: wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji. Mwaka 1974 lilifunguliwa kwa umma mjini Kitale. Kile kilichokuwa cha mtu mmoja sasa hutazamwa na watoto wa shule, na mzee anaweza kusimama mbele ya chombo na kusema kwamba hakikutumiwa hivyo. Sauti zilizorekodiwa hazijapata fursa kama hiyo kwa kiwango hicho. Nakala ya ukanda, na muhtasari wa kurasa chache kwa Lubukusu au kwa Kiswahili cha kawaida, vikiwekwa Kitale au Kibabii, havingemgharimu mtafiti hata sehemu ndogo ya nauli yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kilichopita kati ya msimulizi na mtafiti hakiitwi wizi, wala biashara, wala zawadi. Ni amana, na amana ya neno hulipwa kwa jibu. Yameonyesha pia kwamba bahari si kipimo cha ugeni: mgeni ni yule aliyepewa neno naye hajibu, awe anaishi London au Kanduyi.

Yapo manufaa ya kitaaluma katika kulipa deni hili, nayo hayapaswi kupuuzwa na wale wasiovutwa na maadili. Kazi ambayo wasemaji wake hawawezi kuipinga haina njia ya kugundua makosa yake. Rika likiwekwa mahali pasipo pake, au ukoo ukipewa asili isiyo yake, kosa hilo hunukuliwa na tasnifu ya pili, na ya tatu, mpaka mjukuu alisome kitabuni na kumsahihisha babu yake kwalo. Siku hiyo deni linakuwa limegeuka dhuluma, na hakuna aliyekusudia. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema. Katika suala hili malipo yanaanza kwa mtafiti kurudi Kimilili akiwa na kitabu mkononi, kuketi pale pale alipoketi mwanzo, na kumngoja mzee asikie kilichoandikwa, kisha aseme.